Supu ya Mapezi ya Mama Violet

Ngarenaro nzima, hapa Arusha, ilimwita Mama Violet, na hakuwahi kuzaa. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wanamsimulia kana kwamba alishuka duniani siku ile ya sendofu, mwiko mkononi na papa kwenye sufuria. Jina lake ni Evaresta, Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mpishi wa sherehe. Mimi ni Mama Lesian, Mwarusha wa Kisongo, fundi cherehani. Ukuta wangu na wake ni mmoja, na kukiwa na sherehe kubwa alinichukua nimsaidie kumenya na kukatakata. Kwa hiyo ninayoyasema niliyaona, na mengine niliyashika kwa mikono hii.

Violet ni mtoto wa mdogo wake, Reginald. Mama wa mtoto alipofariki, Reginald alikuwa ndiyo kwanza anaanza biashara ya vipuri vya magari, leo yuko Dar, kesho yuko Guangzhou. Akamleta binti kwa dada yake na mfuko mmoja wa nguo. "Ni kwa muda tu, dada," alisema. Muda wenyewe uliisha binti alipomaliza chuo kikuu. Wakati ule Evaresta alikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole. Mwalimu akauliza huyu mtoto atakaa mpaka lini. Evaresta akamjibu kwamba mtoto anakaa, anayeondoka ni yeye. Habari za kuolewa ziliishia hapo.

Akamlea Violet kwa pilau na mbuzi wa ndafu wa harusi za watu. Kila Jumamosi alikuwa nyuma ya ukumbi fulani, macho mekundu kwa moshi, na kila Jumamosi ilipofika saa ya keki aliacha masufuria akaenda kusimama mlangoni achungulie. Unajua sendofu zetu, za kumuaga binti kabla ya harusi: bibi harusi anakata keki, halafu anaibeba sahani kwa kucheza taratibu mpaka kwa mama yake, anapiga magoti, anamlisha. Mama analia, vigelegele vinapasua paa. Evaresta alichungulia keki za watoto wa watu maisha yake yote. "Siku ya kwetu," aliniambia, "mlangoni hutaniona. Nitakaa mbele." Gauni la siku hiyo nilimshonea kabla Violet hajapata hata mchumba, na nililipanua mara mbili kwa sababu mpishi naye anakula.

Hicho ndicho alichokitaka. Hakutaka nyumba, hakutaka gari. Alitaka kukaa kwenye kiti cha mbele aletewe keki ya mama.

Basi Violet akasoma mambo ya bahari. Usiniulize mtoto aliyekulia Ngarenaro, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto Themi ukifurika, bahari ilimwingiaje. Ilimwingia. Akapata kazi kwenye shirika la kulinda viumbe vya baharini, lenye ofisi yake ndogo hapa hapa mjini, na yeye sehemu yake ilikuwa papa. Alizungumza papa asubuhi, mchana papa. Alipopata mchumba, kijana mtaratibu wa Machame, tuliogopa hata mahari ataidai kwa papa.

Na Reginald naye akatajirika. Akajenga Njiro, akaoa mke mwingine, Anande, mwanamke mwenye kucha ndefu na salamu fupi. Kule China wafanyabiashara wenzake walimkaribisha mezani, wakamlisha supu ya mapezi ya papa, wakamwambia hii ni heshima, hii hapewi kila mtu. Mchaga ukimwambia kitu hapewi kila mtu, umemmaliza. Sendofu ya Violet ilipokaribia akaja Ngarenaro na mfuko wa mapezi makavu, magumu kama kandambili zilizosahauliwa juani, akautua mezani kwa Evaresta. Sisi wanawake tulikuwa tunachambua mchele. Violet alikuwepo.

"Dada," akasema Reginald, "kuku kila mtu anakula. Ndafu kila mtu anayo. Nataka watu watoke ukumbini wakisema kwa Reginald tulikula kitu."

Violet aliangalia mfuko, akasimama. "Baba, unajua haya yanapatikanaje? Wanamvua papa, wanamkata mapezi akiwa mzima, wanamtupa tena baharini. Hawezi kuogelea. Anazama anakufa taratibu huko chini, na nyama yote inapotea. Na papa hazai kama sungura, baba. Wakiisha wameisha."

"Watu wa Tanga wanakula papa kila siku, na nazi juu. Hao hujawalilia."

"Wanamla wote! Siyo sawa na kumkata pezi ukamtupa."

"Na Wazungu wanaotoka hapa mjini na bunduki kwenda kupiga simba, wakate kichwa wakatundike ukutani kwao? Hao wana vibali. Mimi Reginald nikinywa supu ndiyo dunia inaisha?"

Nitasema ukweli, hapo Reginald alinigusa kidogo, maana mwenye nguvu akila anaitwa mtalii na sisi tukila tunaitwa majangili. Lakini nikakumbuka kwetu. Sisi Waarusha wa zamani samaki hatukumhesabu chakula. Bibi yangu akiona dagaa alisema nyoka wadogo. Ila mnyama akichinjwa kwetu kila kiungo kina mwenyewe, mpaka damu, mpaka ngozi. Mtu amkate ng'ombe mguu kisha amwache akigaragara, nyama ioze? Wazee wangemfukuza bomani.

Violet akamgeukia Evaresta. Alimwita mama, tangu ana miaka minne hakumwita vingine. "Mama, wewe usiipike. Baba akitafuta mtu mwingine nitavumilia, nitafumba macho. Lakini isitoke mkononi mwako." Akatoka analia.

Reginald alingoja mlango ufungwe. Hakupandisha hata sauti, na hilo ndilo lililoniudhi. "Usipopika, dada, wapishi wa hoteli wako wengi. Ila ukumbini usikanyage. Na keki ya mama ataipokea Anande. Yeye ndiye mke wangu, wewe ulinisaidia tu kulea."

Ulinisaidia tu kulea. Nilitamani kumpiga na ungo.

Evaresta hakulia. Alikaa anauangalia ule mfuko mpaka chai yake ikapoa, kisha akaniuliza, "Mama Lesian, kano za kongoro ukizichemsha sana zinachambuka nyuzi nyuzi, si ndiyo?"

Nilimwelewa palepale, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Aliloweka pezi moja, akalichemsha, akalichambua tuone lilivyo: nyuzi nyembamba zinazong'aa, basi. Hakulionja, alilitupa shimoni kwa kichefuchefu. Mimi nikazunguka bucha zote za Ngarenaro na za Elerai nikakusanya miguu ya ng'ombe. Tuliichemsha, tukatoa kano, tukazichambua kwa sindano zangu za cherehani mpaka vidole vikafa ganzi. Akaweka mchuzi wa kuku, tangawizi, sosi ya soya, ute wa yai, unga kidogo wa mhogo iwe nzito. Nakuambia ilikuwa supu tamu kuliko zote alizowahi kupika. Mfuko wa mapezi yaliyobaki ukalala chini ya kitanda chake, umefungwa.

Violet alipopita kumtazama, Evaresta alimshika mashavu. "Pezi la papa halitaingia mdomoni mwa mgeni wako hata mmoja. Sikiliza ninavyokuambia." Binti akamkumbatia kwa furaha. Alichoelewa yeye ni kwamba mama amekataa kupika, na supu haitakuwepo.

"Si umweleze yote?" nikamwambia.

"Violet? Yule akifurahi hata mende wanajua. Atamcheka baba yake mezani, Reginald aumbuke mbele ya wakwe. Nitamwambia kesho yake. Nitamwonyesha mfuko, tutacheka."

Kila mtu amepata chake, papa wamepona, na yeye anakaa mbele. Mpango ulikuwa mzuri. Ubaya wake ni kwamba ulimhitaji mtoto amwamini mama kwa muda wa sherehe moja, na tulidhani hilo ni jambo dogo.

Ukumbi ulijaa. Evaresta alipakua, akavua aproni, akavaa lile gauni, akaenda kukaa mbele. Nilisimama mlangoni mahali pake. Ndipo mshereheshaji akachukua kipaza sauti, na Reginald alikuwa amemfundisha vizuri: "Mabibi na mabwana, kwa mara ya kwanza Arusha! Supu ya mapezi ya papa! Imepikwa na mikono ya dada wa mwenye shughuli, Mama Evaresta! Mpigieni makofi!"

Wakampigia makofi. Mwanamume mmoja mwenye kitambi alikunywa kijiko akafumba macho, akasema, "Hii unaisikia bahari kabisa." Mwingine akaongeza kwamba kule Hong Kong bakuli kama hili ni bei ya mbuzi. Wakaomba tena. Wakwe wakaomba tena. Miguu ya ng'ombe wa Ngarenaro inasifiwa kwa tai na suti, na mimi pale mlangoni nimeuma kanga nisicheke. Kisha nikamtazama Violet kwenye meza ya juu.

Alikuwa hacheki. Bakuli lilikuwa mbele yake na nyuzi zinang'aa. Evaresta kutoka kwenye kiti chake alimtikisia kichwa, akamkonyeza, akaweka mkono kifuani: subiri, niamini. Violet aligeuza uso.

Saa ya keki ikafika. Muziki ukapigwa, Violet akashuka na sahani, anacheza taratibu, kichwa chini. Mshereheshaji akaita, "Keki ya mama! Mama mlezi asimame!" Evaresta akasimama. Alikuwa amekwisha kuanza kulia, mikono ameitanguliza mbele. Wanawake wa Kibosho wakaanza vigelegele. Violet alifika mbele yake, karibu kabisa, akasimama kidogo. Nilikuwa mbali, lakini muziki ulikuwa chini na nilisikia.

"Shangazi," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Uliniahidi, halafu ukapika."

Akampita. Akaenda viti viwili mbele, akapiga magoti kwa Anande, akamlisha keki ya mama. Anande alifungua mdomo taratibu kwa ajili ya kamera.

Evaresta alibaki amesimama na mikono yake. Mshereheshaji, mbwa yule, akaona pengo akalijaza: "Mama wa jikoni kaa tu, ya kwako iko jikoni!" Ukumbi ukacheka. Wote, waliokula kano zake mpaka wakalamba vijiko, walicheka. Angeweza kusema neno moja pale. Angesema ni kongoro, Violet angerudi na keki mbio, na Reginald angeumbuka mpaka kaburini. Alimtazama mdogo wake aliyekuwa anapongezwa huku na huku, akakaa. Nilimchukia kwa kukaa kule.

Kesho yake Violet hakupokea simu. Wiki ile hakupokea, mwezi ule hakupokea. Harusi ikafungwa Machame na Evaresta hakuletewa kadi. Mimi nikasema nakwenda kumwambia mwenyewe. Akanikataza, akaniapisha kwa mwanangu Lesian. "Likitoka kwako ni umbea," alisema. "Likitoka kwangu ni neno. Nitalipeleka kwa utaratibu wa kwetu."

Sasa wasio Wachaga nawaeleza. Kule mlimani kuna jani linaloota mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo, nalo linaitwa isale. Ukikosana na mtu akakufungia mlango, unalichuma, unalifunga fundo, unampelekea. Isale halikataliwi, hata kama kuna damu kati yenu. Na likishapokelewa, neno limekufa. Halirudiwi, halielezwi, halitajwi tena na yeyote kati yenu wawili. Violet alipokuwa mtoto wa darasa la nne aliwahi kuiba keki ya mteja akasingizia paka. Evaresta alimfundisha kufunga isale, akalipokea, na habari ya keki ile hakuitaja tena, hata kwa utani.

Akapanda gari mpaka Kibosho, akachuma isale kwenye kihamba cha baba yao. Kwenye kikapu akaweka na mfuko wa mapezi, ndio ushahidi wake. Hesabu yake ilikuwa hivi: isale litafungua mlango, akishaingia atakaa, atatoa mfuko, ataeleza. Mtu asiye Mchaga angetuma picha ya mfuko kwa simu, mambo yakaisha. Yeye alitanguliza jani.

Mimi nilimsindikiza mpaka nyumbani kwa Violet. Violet alifungua mlango, akaliona isale, akapiga magoti pale pale kizingitini akalia kama mtoto. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, shangazi," akasema. "Neno limeisha."

"Mwanangu, ngoja. Kwenye kikapu nina—"

"Hapana." Violet alimwekea kiganja mdomoni, kwa upole kabisa. "Limepokelewa. Halirudiwi. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Niliona macho ya Evaresta yanakwenda kwenye kikapu, yanarudi kwa binti, yanakwenda kwenye jani. Nilimkanyaga mguu aseme. Hakusema. Ndipo nilipoelewa amefanya nini: mtu hapeleki isale kwa jambo asilolitenda. Amekiri. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mvua, na mfuko ukarudi nasi Ngarenaro kama ulivyokuja.

Ingeishia hapo ningesema ni ukatili wa bahati mbaya. Haikuishia. Kabla hatujaondoka Violet alimpiga picha ameshika lile isale, ya kumbukumbu, alisema. Kwa hiyo neno lilikuwa limekufa kwa Evaresta tu, kwa shirika lilikuwa hai. Baadaye wakafanya mkutano mkubwa hapa mjini, watu wa nchi na nchi, kujadili bahari ambayo ukipanda hata kilele cha Meru huioni. Ukutani ile picha, kubwa kuliko mlango: Evaresta na jani lake, chini yake maneno kwamba alikuwa mpishi wa mapezi ya papa na leo ameacha. Wakamwita jukwaani. Alivaa gauni langu lile lile. Mzungu mmoja mwembamba, kupitia kwa mkalimani, akamuuliza alijisikiaje alipotambua alichowatendea papa.

Evaresta alimtazama Violet aliyekaa mstari wa mbele, anatabasamu, anamwitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Naomba mnisamehe," akasema.

Wakasimama wote wakampigia makofi. Alipewa fulana yenye papa kifuani.

Na Reginald? Reginald ndiye aliyefaidi kuliko wote. Kuna wageni walioanza kunong'ona kwamba supu ile ilikuwa na kano kano. Sasa anawajibu, "Kamuulizeni dada yangu, mpaka isale alipeleka, mpaka kwenye mkutano wa kimataifa alitubu. Ilikuwa kongoro, hiyo?"

Mimi sikupokea isale lolote, na Lesian amekua, kiapo chake anasema ananirudishia. Ndiyo maana nayasema. Aliyeyanyamazia ni yeye.

Mwaka huu, mchana mmoja wa mvua, nilisikia harufu ya ajabu ukutani nikaenda kuona. Evaresta alikuwa jikoni na fulana ya papa, sufuria motoni, mfuko umefunguliwa. Mapezi yote yalikuwa yamelowekwa, yamechunwa, yamechemka.

"Unafanya nini, Mama Violet?"

"Dhambi nimeshatubu, msamaha nimeshapewa, makofi nimeshapigiwa," alisema. "Imebaki kuitenda."

Akapakua bakuli moja, maji matupu na nyuzi, hakutia kitu kingine. Alitaka kulijua pezi lenyewe. Akanisogezea kijiko, nikakataa, bibi yangu angefufuka. Akaweka mdomoni, akatafuna, akangoja. Akaweka tena. Nilimwona uso unabadilika taratibu, si kwa kichefuchefu. Ni kama mtu anayepekua mfuko akitafuta kitu alichohakikishiwa kimo.

"Halina ladha, Mama Lesian," akasema. "Halina ladha yoyote."

Akaendelea kula. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, alikula tu, kijiko juu ya kijiko, mpaka nyuzi za mwisho.

Nje mtu akapiga hodi, mteja wa pilau. "Hodi humu! Mama Violet yupo?"

Evaresta alimeza kilichokuwa mdomoni.

"Shangazi yake yupo," akajibu. "Ingia."